Bakteria Waamshao Kinga ya Mwili Dhidi ya Kansa

Wengi wetu tunalo kovu dogo mkononi, alama ya chanjo ya BCG ambayo watoto wachanga huchomwa ili kuwakinga na kifua kikuu. Ni wachache wajuao kwamba bakteria hao hao hutumika kutibu kansa ya kibofu cha mkojo.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1891 William Coley, daktari mpasuaji wa New York, alisoma katika kumbukumbu za hospitali habari za mgonjwa mwenye kansa shingoni. Mgonjwa huyo alipatwa na maambukizo ya ngozi na homa kali, kisha uvimbe ukatoweka. Coley alimtafuta, akamkuta mzima. Ndipo alipoanza kuwadunga wagonjwa wake bakteria hai. Na kwa kuwa maambukizo hayo yaliweza kuua, baadaye alitumia bakteria waliokwisha uawa. Baadhi ya wagonjwa walipona, lakini matokeo hayakutabirika, na tiba ya mionzi ikashika nafasi.

BCG ilitengenezwa Ufaransa. Kuanzia 1908 hadi 1921, Albert Calmette na Camille Guérin waliwaotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe mara 230 mfululizo, hata wakapoteza ukali wao. Mwaka 1976, nchini Kanada, Alvaro Morales na wenzake walitangaza matokeo mazuri kwa wagonjwa 9 waliotiwa BCG kibofuni.

Je, hufanyaje kazi? Seli za kansa hutokana na mwili wenyewe, hivyo walinzi wa mwili mara nyingi hawazitambui kuwa ni adui. BCG hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kibofuni, ikaachwa humo kwa saa 2 hivi, mara moja kila juma kwa majuma 6. Bakteria hushikamana na ukuta wa kibofu. Seli za ukuta hutoa kemikali za kuita msaada. Chembechembe nyeupe za damu humiminika, na katika vita hivyo huangamiza seli za kansa pia.

Hata hivyo, tiba hii yafaa tu pale kansa haijapenya msuli wa kibofu. Kansa ya kibofu iletwayo na kichocho aghalabu ni ya aina nyingine, tena mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha penya. Kwa wakazi wa kando ya maziwa na mabwawa yetu, basi, kinga ya kwanza ni kujiepusha na kichocho, na kumwona daktari mara mkojo uonekanapo una damu.