Mji wa Usiku Ukutani

Msafiri atokaye Isiolo kurudi Burat wakati wa magharibi huona taa za mji zikiwaka nyuma yake moja moja, na mbele yake nyika na nyota. Hapana shaka wengi wetu tumepata kutamani kuzichukua taa zile hadi nyumbani. Labda ndiyo sababu katika hoteli za chai twakuta ukuta mzima umechorwa mji wakati wa usiku: majumba marefu, madirisha yanayong'aa, na barabara iliyojaa taa za motokaa. Mara nyingi mji wenyewe ni wa Ulaya au Marekani, nao umenakiliwa katika kalenda.

Kazi hii ina taratibu zake. Mchoraji hodari huanza na karatasi. Huigawanya kwa miraba midogo, kisha hupiga ukutani miraba mikubwa ya hesabu ile ile, akahamisha mraba baada ya mraba. Hivyo nyumba yenye urefu wa kidole huwa na kimo cha mtu bila kupinda. Ukuta sharti uwe mkavu, kwa maana unyevu wa ardhi hupanda pamoja na chumvi na kubambua rangi. Rangi za giza hutangulia, na taa huja mwisho: tone la manjano kando ya buluu nzito huonekana kana kwamba lawaka. Tena asiyawashe madirisha yote, kwani mji usio na dirisha la giza hauna watu waliolala.

Lakini iko hoja iliyo kubwa kuliko rangi: mji huo ni wa nani?

Bwana Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusomea sanaa Makerere, aliikabili hoja hiyo alipopewa kazi ya kuchora kuta za kanisa la ukumbusho huko Murang'a, ambako zamani kuliitwa Fort Hall. Picha zake tano zilikamilika mwaka 1959. Angeweza kuziiga picha za Ulaya, na pengine wengi wangemsifu. Yeye alimchora Yesu na watu wake kuwa Waafrika, katika nchi ya Wakikuyu. Mkulima aliyeingia kanisani aliviona vilima avijuavyo vikiwa ukutani, katika hadithi iliyo kuu kuliko zote kwa imani yake.

Nasi wa Burat twahusika. Katika Ruwaza ya Kenya ya mwaka 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, Isiolo ulitajwa kuwa mahali pa kujengwa mji wa watalii. Mji wa namna hiyo huchorwa mezani na mabingwa kabla ya kuchimbwa msingi. Basi kijana wetu ajuaye kushika brashi naye auchore, usiku na taa zake zote. Ila aonyeshe pia njia ya ngamia kwenda majini itapita wapi, na shamba lililo kando ya mto litakuwa upande gani wa taa. Wazee wakija kunywa chai watautazama ukuta huo na kuulizana, na swali lililoulizwa mapema huokoa mengi.

Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Na taa ya mwenzio ni vivyo hivyo.