Setilaiti Angani, Kahawa Kichanjani

Kilema, wilayani Moshi, mavuno ya kahawa yakikutana na mvua za vuli, macho hayaachi kutazama juu. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa imetandazwa vichanjani. Wingu likishuka ghafla kutoka mlimani, watoto wanakimbilia maturubai. Ikilowa tena huota ukungu, na mnadani Moshi bei yake huporomoka.

Mawingu hayo yanapigwa picha mchana na usiku na Meteosat, setilaiti za Ulaya, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzitumia picha hizo katika utabiri wake. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania nayo inajiandaa kurusha setilaiti yake. Ni jambo jema, ila tujikumbushe yaliyokwisha kupita hapa kwetu.

Tunguu, Zanzibar, Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga. Februari 20, 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa kwenye mtandao wa vituo vilivyomhudumia. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kituo kikafungwa. Kwa jirani zetu wa Kenya, Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na Desemba 12, 1970 ikarushwa hapo Uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota. Jina lilikuwa letu, chombo cha wageni. Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023, kwa roketi iliyoondokea California. Kabla yake, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotolewa angani mwaka 2018, ilidumu takriban miaka miwili.

Kurusha si mwisho wa kazi, na Wachagga wanalijua hili kwa mfongo, mfereji wao wa maji: kuuchimba ni kazi ya mara moja, kuuzibua ni ya kila mwaka, na asiyetoka kuuzibua maji hapati. Setilaiti nayo ikisharuka ndipo gharama zinapoanza: antena za kupokea picha, wataalamu wa kuzisoma, afisa ugani wa kata, ujumbe wa simu unaomfikia mkulima kabla mvua haijamfikia.

Bajeti ya mradi itakapofika bungeni, wabunge waanzie ukurasa wa mwaka wa nne. Kama haina fungu la mishahara ya wataalamu hao, wala la setilaiti ya pili, basi tunachonunua ni sherehe ya siku moja.