Ikembe ya Karatasi ya Jikoni

Fundi simu wa mtaa wa Jabe akishabadilisha kioo, hukipapasa kila pembe kwa kidole. Kalamu ya plastiki haitamfaa, kwa sababu kioo kile hakisikii mguso, kinasikia umeme. Mwili umejaa maji yenye chumvi. Kidole kikisogea karibu na bamba la chuma, bamba linaweza kubeba chaji zaidi. Ongezeko ni la pikofaradi chache tu, nalo linatosha kupigia muziki.

Kata karatasi ya aluminiamu ya jikoni, panga vipande ubaoni kama vyuma vya ikembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba, vifunike kwa selotepu. Unganisha kila kipande na Arduino, ile bodi ndogo iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kupitia rizista ya mega-omu 1. Bodi hujaza chaji na kupima muda. Pikofaradi 10 zikiongezeka, muda hurefuka kwa mikrosekunde 10 hivi. Hapo ujumbe wa MIDI, lugha ya ala za muziki za umeme tangu 1983, huenda kwenye kompyuta, na noti inalia.

Kisha umeme wa mtaa unakatika. Laptopu ikibaki na betri, saketi haina tena njia nzuri ya kufika ardhini, na mguso uleule unasomeka hafifu. Umeme ukirudi, chaja mbovu inaweza kuleta kelele hadi noti zilie zenyewe. Dawa yake imo katika namna ikembe inavyoshikwa: viganja viwili vinakumbatia kisanduku, vidole gumba ndivyo vinavyopiga. Bandika aluminiamu chini ya viganja, iunganishe na upande hasi wa bodi, na mwili wa mpigaji unaingia ndani ya saketi.

Nguvu ya pigo ni shida nyingine. Kule Kinshasa, bendi ya Konono N°1 ilikuza sauti ya likembe, ndugu ya ikembe, kwa sumaku za vipuri vya magari, lakini chuma kiliendelea kutikisika chini ya kidole. Aluminiamu haitikisiki. MIDI inataka nguvu kwa namba, 0 hadi 127, na bamba linajua kuguswa tu. Hila ni kwamba kidole kikikandamizwa hutandazika, eneo hukua, chaji nayo hupanda. Tatizo, kidole cha mtoto si cha baba yake, na jasho hubadilisha hesabu. Bodi ikichukua vipimo vingi ili ipate wastani safi, inachelewa, na ucheleweshaji ukizidi milisekunde 10 mpigaji mzoefu huanza kuuhisi. Mimi ningevumilia noti ya uongo mojamoja kuliko ikembe inayochelewa.