Manowari Haifiki Kirumba

Aprili 2025 manowari mbili za India, INS Chennai na INS Kesari, zilitia nanga Dar es Salaam kwa zoezi la AIKEYME, lililoandaliwa na India na Tanzania na kushirikisha nchi nyingine kadhaa za Afrika. Washiriki walijifunza kupambana na maharamia na kuokoa watu baharini. Mwaka uliotangulia walikuja Wachina, wakafanya lao nasi na Msumbiji. Hakuna ubaya, pwani ni ndefu na wageni wanakuja na mafuta yao.

Ila sisi wa Kirumba, Mwanza, maji yetu ya Ziwa Victoria yameua kwa namna nyingine. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika hapa, ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia ya watu. Miongoni mwao alikuwa Abu Ubaidah al-Banshiri, mtu wa pili katika uongozi wa Al-Qaeda. Hakukamatwa na doria ya taifa lolote. Alikata tiketi kama wengine.

Septemba 20, 2018 ikawa zamu ya MV Nyerere, mita chache tu kutoka gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko cha watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Waliotangulia kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Giza lilipoingia kazi ikasitishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, wapiga mbizi wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai. Tangu hapo kila aliyefiwa ana haki ya kuuliza kuhusu usiku ule.

Ziwa hili lina wenyewe watatu: Tanzania yenye karibu nusu, Uganda, na Kenya yenye kama asilimia 6. Sangara anavuka mpaka bila kuulizwa; mvuvi anayemfuata hunyang'anywa mashine na nyavu na doria ya jirani. Mwizi wa mashine naye huvuka mpaka huohuo, na humo ndimo usalama wake. Kenya na Uganda, kwa upande wao, zimegombea Migingo miaka mingi, mwamba usiotosha uwanja wa mpira.

Vyombo vya ushirikiano tunavyo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yana zoezi lao la Ushirikiano Imara, lililofanyika Jinja mwaka 2022, na Mwanza ndiyo iliyochaguliwa kuwa na kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji ziwani.

Basi kituo hicho kipimwe. Mtumbwi upige simu saa nane usiku kutoka mpakani, mawimbi yakiwa juu, tuone ni boti ya nani inatoka kwanza, na kama itasubiri kibali cha kuvuka. Zoezi hilo lifanyike bila turubai la wageni rasmi, na muda uliotumika utangazwe kwa wavuvi wa nchi zote tatu.