Boti za Mpira Mwambaoni: Rahisi Huwa Ghali

Anayevuka mlango wa Lamu kwenda Manda, au Utende kwenda Chole, au Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, hana haja ya kuelezwa faida ya chombo chepesi, kinachoelea katika maji ya magoti, kinachobebwa na watu wawili wakati bamvua inapoyapeleka maji mbali na pwani, na kinachokunjwa kikawekwa ghalani kusi likichafuka. Kwa ajili hiyo boti za mpira za kujazwa upepo, ambazo zamani zilionekana aghalabu katika manowari na meli kubwa tu, sasa zina soko lao miongoni mwa wenye nyumba za wageni, walimu wa kupiga mbizi, walinzi wa hifadhi za bahari na manahodha wa majahazi ya kitalii wanaohitaji chombo cha kushukia pwani. Kinachowatatiza wanunuzi ni kuchagua ipi katika nyingi zilizopo, na jibu wanalolipata madukani huanza na bei, ambayo ilistahili kuja mwisho.

Mafundi wa viraka, ambao ndio mashahidi wa kuaminika wa biashara hii kwa kuwa kila chombo kibovu hatimaye huwafikia wao, wanasema kwa kauli moja kwamba katika bahari yetu jua huharibu boti nyingi kuliko mwamba na chaza. Ngozi ya PVC, iliyo rahisi na iliyojaa sokoni, hulainika na kunata inapoanikwa mchana kutwa, na gundi ya mishono yake huachia kabla ngozi yenyewe haijachakaa. Ilhali ngozi ya Hypalon, ambayo kiwanda cha Marekani kilichoianzisha kiliacha kuitengeneza mwaka 2010 na nafasi yake ikashikwa na mipira ya namna hiyo kutoka viwanda vingine, hustahimili jua, chumvi na petroli kwa muda mrefu zaidi. Asiyemudu gharama yake hana budi kutafuta PVC iliyounganishwa kwa moto badala ya gundi, kisha akaifunika kwa turubai au kuiweka chini ya banda la makuti. Fauka ya hayo, kila nyuzi 10 za joto huongeza shinikizo la upepo ndani ya boti kwa takriban 0.04 bar, hata boti iliyojazwa barabara alfajiri, kwa 0.25 bar, huvimba kupita kipimo adhuhuri ikiachwa mchangani.

Baada ya ngozi huja kitako na uzito. Boti ya mita tatu yenye sakafu ya upepo ina kilo 40 hivi, nayo hufaa pale ambapo maji hukauka mbali na chombo hubebwa mkononi, walakini hupepesuka katika mawimbi ya mkondo. Yenye kitako kigumu cha faiba hukata wimbi na kuvumilia matumbawe, bali uzito wake huweza kuwa mara mbili ya huo, na mwenye nayo atataka gari la magurudumu ya kuivutia pwani. Mashine ya nguvu za farasi 15 ya mipigo miwili ina takriban kilo 36, na ya mipigo minne takriban kilo 50, na yote hayo hulalia ubao wa shetri. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6185, ambacho mnunuzi anapaswa kukitafuta katika kibao cha mtengenezaji, humhesabu mtu mzima kuwa kilo 75. Gunia la mchele na madumu ya maji hayamo katika hesabu hiyo, na abiria wetu ni nadra kuvuka mikono mitupu.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lifichwe kwa kuwa mizigo yake hupita forodhani kila mara, anasema kwamba mambo haya yote anayajua na angependa kuuza bora tupu, ila serikali yenyewe humzuia. Katika mpangilio wa bidhaa unaotumiwa na forodha duniani, boti ya mpira imewekwa katika kifungu 8903, pamoja na mashua za starehe na michezo, ilhali vyombo vya uvuvi vina kifungu chao 8902. "Mimi nauza chombo cha kazi," anasema, "lakini karatasini naandikwa muuza anasa. Mganga anayekwenda kisiwani kuchanja watoto na tajiri anayekwenda kuogelea, mbele ya forodha ni mamoja." Kisha, aeleza, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya 16, hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa nauli, bima na ushuru, na kwa kuwa kila tozo hufuata thamani, tofauti ya bei baina ya chombo imara na dhaifu huzidi kupanuka katika kila dirisha anapolipa. "Mteja akifika dukani huona pengo hilo, akachukua ile dhaifu. Baada ya misimu miwili hurudi na mishono iliyoachia, na lawama ni juu yangu."

Malalamiko ya mfanyabiashara hayakosi maslahi yake ndani yake, na si lazima kila kodi ikipungua bei ya dukani nayo ishuke. Hata hivyo hesabu yake ni sahihi. Afisa mmoja wa usalama wa vyombo vya majini, naye pia bila jina, alijibu kwamba usalama haununuliwi kwa msamaha wa kodi, na kwamba kila chombo chenye mashine hukaguliwa kabla ya kupewa cheti. Kauli hiyo ni njema, lakini wenye boti tuliozungumza nao walisema kwamba mkaguzi huhesabu makoti ya kuokolea, akatazama mashine, akaenda zake. Hakuna aliyekumbuka kuona kipima upepo mkononi mwake, wala kuulizwa vyumba vya upepo ni vingapi na kama kila kimoja hushika kikiwa peke yake.

Biashara hii yaelekea itaendelea maadamu watalii waja, ingawa thamani ya shilingi mbele ya dola, bei ya petroli na ushindani wa boti za faiba zinazoundwa hapa hapa vyaweza kuigeuza wakati wowote. Kwa mnunuzi wa leo rai yetu ni hii: achague kwanza ngozi, kisha kitako, kisha mashine, na bei aitazame mwisho, asikubali chombo chenye vyumba vya upepo chini ya vitatu, na ikiwa fedha zake hazifiki, afadhali anunue mashua ya mbao kwa fundi anayemjua kuliko kuvusha watu kwa mpira asioweza kuudhamini.