Nguvu ya Taya na Hesabu ya Magego

Mtu akitaka kujua iwapo mzee wa Muyama, huko nyanda za juu za Kigoma, angali aweza kutafuna mahindi ya kuchoma, aghalabu humwuliza amebakiwa na meno mangapi. Na swali hilo, ijapokuwa si baya, halifikii kiini cha jambo, kwa kuwa gego lisilo na mwenziwe wa kukutana naye katika taya la pili halisagi kitu, hata likiwa zima na imara.

Nguvu ya kuuma imewashughulisha wataalamu tangu zamani. Katika karne ya 17 Mwitalia Giovanni Alfonso Borelli alitundika mizigo kwa kamba iliyopita juu ya magego ya taya la chini, apate kuona mtu aweza kuinua uzito gani kwa kufumba kinywa. Na leo mpimwaji hubana kwa meno kipande cha chuma chembamba, na umeme ukaonyesha kadiri kilivyopindika. Mtu mzima mwenye meno kamili, akiuma kwa magego, aghalabu hutoa nguvu ya nyutoni 300 hadi 700, mithili ya uzito wa kilo 30 hadi 70, ilhali meno ya mbele hayafikii kiasi hicho, kwa sababu yako mbali na kiungo cha taya, kama vile ncha ya mkasi isivyokata kitu kigumu kinachokatika karibu na msumari wake. Naye avaaye meno ya bandia ya kuvua na kuvaa hupungukiwa mno, pengine asifikie hata robo ya nguvu hiyo.

Walakini kuuma siko kutafuna. Ulimi na mashavu sharti virudishe tonge baina ya magego kila mara, na mate yalilainishe. Ndiyo maana wapimaji wengine humpa mtu karanga, akatafuna mara kadhaa zilizohesabiwa, kisha wakachekecha alichotema ili kujua punje zimesagika kwa kiasi gani.

Kwetu Tanzania suala hili lilichunguzwa kwa njia ambayo naiona bora kwa nchi yenye vyombo vichache. Mtaalamu wa meno P. T. N. Sarita, pamoja na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walitangaza mwaka 2003 matokeo ya kuwahoji watu 725 waliopoteza magego ya nyuma, wakiwalinganisha na 125 wenye meno kamili, juu ya taabu waipatayo katika vyakula vya kawaida vya nchi hii. Ilidhihirika kwamba mwenye magego madogo yote, na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Ambaye amebakiwa na magego madogo tu huelekea kutaabika, hasa kwa vyakula vigumu. Na aliyebakiwa na jozi mbili za magego madogo, au pungufu ya hapo, huwa katika dhiki kubwa.

Basi tabibu wa meno atakayeombwa na mgonjwa wa Kasulu au Kibondo kung'oa gego linalouma, laiti angemwambia kwanza afumbe meno, akavuta shavu pembeni, akahesabu jozi zinazokutana kulia na kushoto. Kwani gego hilo likiwa la jozi ya mwisho ya magego makubwa, ni haki kumweleza mgonjwa kabla ya koleo kushikwa, na kumwuliza kama lingeweza kuzibwa.