Je, Wajua? Vizuizi vya Tripsini, Kutoka Michembe hadi Papasi

Je, wajua kwamba kiazi kitamu kibichi hujikinga hata kikishafika tumboni? Akina mama wa Kanyenye, Tabora mjini, kama wenzao wa Unyamwezi na Usukuma kote, wana njia mbili za kuweka viazi mpaka kiangazi. Michembe hukatwa viazi vingali vibichi, ikaanikwa juani, kisha hupikwa siku ya kuliwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa, na mtoto huyatafuna vilevile yalivyo. Kwa vyovyote vile, moto lazima upite kabla ya kula, na moto ndio unaoharibu vizuizi vya tripsini vilivyomo ndani ya kiazi.

Tripsini ni kimeng'enya kinachotoka kwenye kongosho na kufanya kazi katika utumbo mdogo, kukatakata protini za chakula. Kizuizi chake ni protini nyingine inayojibandika pale penye makali, kama ala inavyofunika kisu, na ukataji ukasimama. Katika kiazi kitamu, protini iitwayo sporamini huweza kufikia asilimia 60 hadi 80 ya protini zake zote zinazoyeyuka majini. Sporamini ni akiba ya mmea, na papo hapo ni kizuizi cha tripsini: mdudu anayeila anameza pamoja nayo kitu kinachomnyima uwezo wa kuimeng'enya.

Soya nayo ina vizuizi vingi. Mwaka 1917 Osborne na Mendel wa Marekani walionyesha kwamba panya waliolishwa soya mbichi walidumaa, na waliopewa iliyopikwa wakakua. Kwa panya na vifaranga, kongosho lenyewe huvimba, maana mwili ukiona tripsini imepungua huliamuru litengeneze nyingine, na protini nyingi hupotea hapo. Kizuizi kimoja cha soya, kinachoitwa kwa majina ya Bowman na Birk, kimefungwa kwa vifungo saba vya salfa na hustahimili moto kuliko wenzake. Kwa hiyo namsihi yeyote anayesagisha unga wa lishe wa mtoto: soya ichemshwe au ikaangwe barabara kabla ya kwenda mashineni. Uji wa dakika chache si wa kutegemewa kwa kazi hiyo.

Je, wajua kwamba jani likitafunwa, majani mengine hupata habari? Mwaka 1972 Green na Ryan waliripoti kwamba mdudu akijeruhi jani moja la mnyanya au la kiazi mviringo, vizuizi huongezeka hata kwenye majani ambayo hayajaguswa.

Kwa wanyama, kizuizi cha kwanza kinamlinda mwenye tripsini mwenyewe. Kongosho nalo ni nyama, na tripsini ikiamka kabla ya kufika utumboni italila lilipo. Mwaka 1936 Kunitz na Northrop walitoa kizuizi kidogo, chenye asidi amino 58 tu, kutoka kwenye kongosho la ng'ombe; baadaye kiliitwa aprotinini na kikatumika kupunguza damu inayopotea katika upasuaji wa moyo. Dang'a ya ng'ombe ina vizuizi vyake pia, navyo husaidia kingamwili za mama zipite tumboni mwa ndama bila kukatwakatwa. Na minyoo ya askarisi, inayoishi utumboni mwa watu katikati ya tripsini, haimeng'enywi kwa sababu hutoa vizuizi vyake yenyewe.

Sasa papasi, na hapa historia ya Tabora yenyewe inaingia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, na wapagazi walilala chini, kwenye vibanda vya kambi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Usiku hutoka, akanyonya damu kwa muda ambao kwa kawaida haufiki saa moja, akarudi mafichoni kabla mlalaji hajaamka. Mwaka 1905 Robert Koch, akiwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwatafuta papasi katika vibanda vya njia za misafara na kuthibitisha kwamba ndio wanaoeneza homa ya papasi. Mwaka huohuo, huko Kasongo mashariki mwa Kongo, daktari Mwingereza John Everett Dutton alifariki akiwa katika kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo. Bakteria wake anaitwa Borrelia duttonii mpaka leo.

Mwaka 1990 watafiti walitangaza protini waliyoitoa kwa papasi huyo. Ina asidi amino 60, na umbo lake ni la ukoo mmoja na kile kizuizi cha kongosho la ng'ombe. Lakini haishughuliki na tripsini. Inakamata kimeng'enya cha damu kiitwacho faktari Xa, ndugu wa tripsini, ambacho bila hicho damu haigandi. Hivyo papasi anakunywa na jeraha haliwezi kuziba. Ukoo huohuo umefika hata kwa koboko: baadhi ya sumu zake zina umbo hilohilo, ila badala ya kuzuia kimeng'enya huziba njia za potasiamu kwenye neva.

Je, wajua kwamba tumbaku, zao kubwa la Tabora, inahusika mara mbili? Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walichukua jeni ya kizuizi cha tripsini kutoka kwenye kunde, zao la Afrika, wakaitia kwenye tumbaku, na viwavi wakashindwa kuishambulia kama walivyozoea. Mara ya pili ni katika mapafu. Damu yetu hubeba kizuizi kiitwacho alfa-1-antitripsini, ambacho kazi yake kubwa ni kuizuia elastasi ya chembe nyeupe isikate kuta za vifuko vya hewa. Moshi wa sigara huiharibu asidi amino moja tu ya kizuizi hicho, methionini ya 358, nacho kikalegea. Elastasi ikaendelea kukata, na mvutaji akapata emfisema.